Ziwa Halilali

Omena havuliwi mbalamwezi inapowaka. Samaki huyu mdogo hufuata mwanga, na wavuvi wa Muhuru Bay humvutia kwa taa zinazoelea juu ya maji usiku wa giza. Mbingu ikishawasha taa yake kubwa, zile za binadamu hazimdanganyi tena. Maboti huvutwa mchangani, nyavu hukunjwa, na akina mama wanaoanika hurudi kwenye mihogo yao kungoja giza. Hayo ni mapumziko madogo. Makubwa ni yale ya Aprili hadi mwisho wa Julai, serikali inapofunga uvuvi wa omena ili wazaane. Kwa hiyo mtu anayekula kwa omena ana mwaka mfupi kuliko wa jirani yake anayeuza sukari.

Arasa aliujua ufupi wa mwaka huo kwa tumbo lake. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Nyamira, na alifika Migori akiwa kijana kushona viatu. Viatu vya plastiki vilipoijaza nchi na watu wakaacha kushona, alihamia omena. Alinunua kwa gunia kule ziwani, akauza kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, katika soko la Migori mjini, meza ya tatu kutoka kwenye choo.

Alikuwa mwenye haya. Kanisani, siku aliyoombwa aongoze maombi kabla ya sadaka, alitoka nje ameshika simu sikioni, na simu yenyewe ilikuwa imezimika tangu asubuhi. Sokoni wateja walimpunja kwa sababu hakupenda kubishana. Alipoona mteja anavuta pumzi aanze kulalamika, yeye huongeza konzi ya nyongeza upesi yaishe.

"Wewe wuon Bever," Dorah wa meza ya vitunguu alizoea kumwambia, akimwita baba Bever kwa Kiluo, "unauza hiyo omena kama mtu ameiiba. Inua macho, wacha mteja aone mwenye mali."

Arasa hucheka kidogo na kuinama tena.

Kitu ambacho Dorah hakukijua, wala kanisa halikukijua, ni mahali Arasa alikokwenda mbalamwezi ikiwaka. Aliaga akisema anakwenda ziwani kutafuta mali. Kumbe anapanda pikipiki ya kwenda Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, na huko hukaa chini ya turubai na nyundo, akiponda mawe ya wachimbaji yawe kokoto, tayari kwa kusagwa. Shilingi mia nne kwa siku, siku ambayo mawe yapo. Mkewe Bathsheba peke yake ndiye aliyejua, kwa kuwa ndiye aliyefua nguo zile nyekundu kwa vumbi.

Walimficha mtoto wao jambo hilo. Beverlyne alipokuwa kidato cha nne aliwahi kusema, akiwa anamenya ndizi, kwamba kama mambo ni magumu ataacha shule atafute kazi ya hoteli. Alilisema bila kulia, kama mtu anayesema atapitia dukani. Arasa aliogopa utulivu ule kuliko kilio. Siku hiyo alimwambia biashara inakwenda vizuri, kwamba amekodi stoo, kwamba hununua magunia mengi wakati wa giza na kuuza taratibu ziwa likifungwa. Stoo ilikuwa chumba cha nyuma chenye gunia moja la omena zilizovunjika, za kulisha kuku. Lakini ada ililipwa, muhula baada ya muhula, na mtoto akaamini. Aliamini kwa sababu risiti zilikuja. Hakujua kwamba risiti ya kwanza ya chuo ilitoka kwenye cherehani ya viatu, ya pili na ya tatu kwenye kipande cha shamba cha Nyamira, na ya nne kwa vikundi viwili vya akiba ambavyo Bathsheba sasa alivikwepa njiani.

Sasa Beverlyne alikuwa mwaka wa pili wa diploma ya uhasibu katika chuo kimoja mjini Homa Bay. Ulibaki mwaka mmoja, nao ulikuwa na bei yake: shilingi elfu sitini na saba kabla ya Januari. Hapakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Ndipo yakaja mashindano. Chama cha wahasibu kiliwaandalia wanafunzi wa vyuo vya ukanda wa ziwa swali moja kubwa: serikali inatumia kuliko inavyokusanya, madeni yanakula kodi kabla haijafika hospitalini wala shuleni, tafuteni shilingi bilioni hamsini kwa mwaka, bila kukopa na bila kumuumiza maskini. Kundi litakaloshinda, kila aliyemo angelipiwa ada ya mwaka wa mwisho yote.

Beverlyne alikuja nyumbani Jumapili moja ya Septemba akiwa na mwenzake wa kundi, Boaz, kijana Mkuria wa Ntimaru mwenye maneno mepesi na viatu vyeupe. Wa tatu wao, Terry, alibaki chuoni kuchora majedwali. Walitaka kujua wafanyabiashara wadogo wanapata nini, maana hao hawamo katika vitabu vya kodi. Boaz aliweka kompyuta magotini.

"Mzee, kwa siku unabaki na ngapi? Yaani ukitoa ya gunia na ya gari."

Arasa alitazama vile viatu vyeupe. Nyuma ya pazia Bathsheba alikuwa anasonga ugali. Siku bora kuliko zote katika maisha yake ya omena, siku ambayo mnunuzi kutoka Tanzania alichukua magunia sita kwa mpigo, ilimletea elfu tatu. Siku za kawaida zilikuwa mia tano, mia sita.

"Elfu tatu," alisema.

"Kwa wiki?"

Kijana hakuwa na ubaya. Aliuliza tu. Lakini swali lilimchoma Arasa mbele ya binti yake.

"Kwa siku."

"Kila siku?"

Beverlyne aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Ziwa halilali, kijana," Arasa alisema.

Maneno yalitoka laini na yenye uzito, kama ya mtu mwingine, mwenye kitambi na gari. Boaz aliyapenda akayaandika. Nyuma ya pazia mwiko ulisimama. Beverlyne alimtazama babake kwa muda mfupi, kisha akainamisha kichwa aandike naye. Mtoto wa Kisii hamsahihishi babake mbele ya mgeni, na pengine hakuona cha kusahihisha. Risiti zote zilikuwa zimelipwa.

Wageni walipoondoka, Bathsheba alikusanya sahani.

"Umeuza kila siku," alisema.

Arasa alipangusa meza kwa kiganja.

"Mpaka Sabato umeuza, Baba Bever."

"Ilitoka tu."

"Basi mpigie, umwambie ilitoka tu."

"Nitampigia."

Alimpigia mara tatu mwezi huo. Mara ya kwanza aliuliza kama huko kumenyesha. Mara ya pili aliuliza kama amekula. Mara ya tatu alikohoa, akauliza tena kama kumenyesha.

Jumanne ya wiki ya tatu ya Oktoba, ilikuwa Beverlyne aliyepiga. Arasa alikuwa Osiri chini ya turubai, na upande wa pili wa njia mashine ya kusaga mawe ilinguruma.

"Tata, tumeingia fainali," binti yake alisema. Tata ndivyo Wakisii wanavyomwita baba. "Ni Alhamisi. Tumebaki makundi manne."

"Mungu ni mwema."

"Na ni wewe umetuingiza. Wewe ndiye mfano wetu. Tumekuandika Mfanyabiashara A." Alikuwa anacheka. "Sikiza. Mtu anabaki na elfu tatu kwa siku. Sisi tunamwomba thelathini tu. Asilimia moja. Hata hawezi kuisikia. Thelathini mara siku mia tatu sitini na tano, mara wafanyabiashara wadogo milioni tano. Unajua inakuja ngapi, Tata? Bilioni hamsini na nne na kitu. Pengo limezibwa na chenji imebaki."

Arasa aliweka nyundo chini.

"Siku mia tatu sitini na tano," alisema.

"Sabato Boaz ameifidia na mauzo ya Krismasi. Majaji wa raundi ya kwanza walipenda sana hiyo ya ziwa halilali. Imeandikwa juu kabisa. Tata, njoo Alhamisi. Nimekuwekea kiti. Hiyo kelele ni ya nini?"

"Injini ya boti."

"Basi uko kazini. Tutaonana."

Alibaki ameshika simu. Mzee mwenzake wa nyundo, Nyamongo, alimuuliza kama kuna msiba.

"Hapana," Arasa alisema. "Ni binti yangu. Anaendelea vizuri."

Hesabu ile ilimkaa kichwani. Aliacha shule darasa la nane, lakini thelathini aliijua. Alijaribu kujitazama kama mtu wa serikali atakavyomtazama: huyu hapa, amekaa chini ya turubai, mbalamwezi imepotezea watu wa ziwa riziki ya siku kumi na mbili, na kijana mwenye kitabu cha risiti anakuja kumdai thelathini ya leo. Na si yeye peke yake. Dorah. Muuza mahindi ya kuchoma siku ya mvua. Watu milioni tano aliowasemea akiwa anatazama viatu vyeupe.

Usiku huo alimweleza Bathsheba. Yeye alisema neno moja tu: "Mwambie kabla hajasimama."

Alhamisi saa mbili asubuhi Arasa alikuwa Homa Bay, nje ya ukumbi ambao ziwa lilionekana kati ya kuta zake na ghala la jirani. Alivaa suti yake ya kaki ya Sabato. Beverlyne alikuja akikimbia kwa viatu vya visigino ambavyo hakuvizoea, amevaa koti jeusi la kuazima lililompwaya mabegani, na akampa mkono kwa heshima. Kisha heshima ikamshinda na akamkumbatia.

"Umekuja kweli."

"Nimekuja. Bever."

"Naam, Tata."

"Ile hesabu."

"Usiogope. Tumeirudia mara kumi. Terry ameirudia mpaka akalia."

"Siyo hivyo. Zile siku..."

"Mzee A mwenyewe." Boaz alikuwa amefika na kumshika Arasa mkono kwa mikono miwili. "Leo ni leo. Hao watu wa Kisumu tumewaweza, niko shua. Bever, twende, wanatuita tupange vipaza sauti."

Beverlyne alimtazama babake angoje neno. Alingoja kweli, mguu mmoja ukiwa mbele. Arasa aliliona neno lote likiwa tayari mdomoni, fupi, halizidi sentensi moja. Aliona pia uso wa binti yake, namna ulivyong'aa, na akafikiri: nikimpa hili sasa, atasimamaje mbele za watu baada ya dakika arobaini? Akafikiri pia kwamba huenda asiulizwe. Watu wengi huishi vizuri kwa mambo wasiyoulizwa.

"Mungu awe nanyi," alisema.

Alionyeshwa kiti cha safu ya tatu. Ukumbi ulijaa wanafunzi, walimu, na watu wenye kadi shingoni. Kundi la kwanza lilitaka serikali iuze mashamba yake yanayolala. La pili lilitaka safari za wakubwa nje ya nchi zikatwe nusu, likapigiwa makofi mengi na majaji wakaandika machache. La tatu Arasa hakulielewa hata kidogo. Kisha yakaitwa majina ya kundi la binti yake.

Beverlyne alisema vizuri. Hilo Arasa angelikumbuka daima na lingemuuma daima. Hakuwa na haya ya babake. Haya hiyo iliishia kwake Arasa kama mto unaoishia kwenye mchanga. Ukutani nyuma yake kulikuwa na maandishi makubwa, ZIWA HALILALI, na chini yake mchoro wa mtu mwenye beseni. Alieleza deni, akaeleza pengo, kisha akamleta Mfanyabiashara A, mtu mwenye bidii ambaye serikali haijawahi kumwona, ambaye akichangia shilingi thelathini tu kwa siku, pamoja na wenzake, atazifungua zahanati zilizofungwa. Watu walipiga makofi. Jirani wa Arasa, bwana mwenye tai, alimgusa kiwiko.

"Huyo msichana ana kichwa."

Arasa alitikisa kichwa kukubali.

Majaji walikuwa watatu. Wa katikati alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na nywele fupi zenye mvi. Alikuwa amenyamaza tangu asubuhi.

"Huyu A wenu anauza nini?" aliuliza.

"Omena, madam," Beverlyne alijibu.

"Omena. Siku mia tatu sitini na tano."

Watu wachache upande wa nyuma walicheka.

"Mama yangu alianika omena Sindo mpaka mgongo ukapinda," yule mama alisema, bila ukali wowote. "Tulikula vizuri giza likiwepo. Mbalamwezi ikiwaka tulikula mihogo. A yeye huuza nini mbalamwezi ikiwaka?"

"Ana stoo, madam. Hununua wakati wa giza akaweka."

"Na Aprili mpaka Julai?"

"Huuza ya stoo."

"Miezi minne. Nimefurahi kusikia. Stoo ya magunia mangapi?"

Beverlyne alifungua daftari, akalifunga. Boaz alisogea mbele akitabasamu, akiwa na uhakika wa mtu anayetoa karata ya mwisho.

"Madam, bahati nzuri ni kwamba mwenyewe tuko naye hapa. Yule mzee wa suti ya kaki. Anaweza kuthibitisha."

Vichwa vyote viligeuka. Msichana mwenye kadi shingoni alikuja mbio na kipaza sauti, akakiweka mkononi mwa Arasa, na bwana mwenye tai akamshika kiwiko kumsaidia kusimama.

Arasa alisimama. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya watu wengi hivyo isipokuwa siku ya harusi yake, na siku hiyo alisema neno moja tu, ambalo mchungaji alilisema kwanza ili yeye alirudie. Sasa hakukuwa na wa kulisema kwanza.

"Pole, mzee, si mtihani," jaji alisema kwa upole. "Stoo yako ni ya magunia mangapi?"

Angeweza kusema mia mbili. Hakuna ambaye angetoka kwenda Migori kuhesabu. Ada ilikuwa ukingoni mwa neno hilo, ada yote, Januari mpaka mwisho. Angeweza pia kusema moja, la kuku. Aliyapima maneno hayo mawili na kila moja lilikuwa zito kuliko ulimi wake. Aliwaza Dorah akidaiwa thelathini siku vitunguu vimeoza. Aliwaza binti yake akimenya ndizi.

"Mimi," alisema, na sauti yake ikamrudia kutoka kuta zote, kubwa, ngeni. Aliiogopa. "Mimi stoo..."

Kipaza sauti kilikuwa kinatoa mlio mwembamba. Alimtazama Beverlyne kule mbele, na Beverlyne alikuwa anamtazama yeye. Midomo yake ilikuwa inasogea kidogo bila sauti. Arasa aliijua midomo ile. Ndivyo ilivyosogea alipokuwa na miaka mitano, akihesabu viatu kwenye kibanda cha babake, kimoja kimoja, asikubali kusaidiwa. Alikuwa anahesabu. Cherehani ambayo haipo tena barazani. Shamba ambalo likizo iliyopita hawakwenda kulima. Safari za ziwani, zote, na jinsi anga lilivyokuwa kila safari.

Midomo ikasimama.

"Madam," Beverlyne alisema, "naomba baba yangu aketi."

Minong'ono ilipita ukumbini. Hawakujua kwamba ni babake.

"Idadi ya siku niliikadiria mimi. Ni kosa langu, siyo lake. Naomba nirekebishe."

Boaz alimgeukia kwa haraka. "Bever," alisema kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kilichokuwa mbele yake kiliipeleka kwa wote. "Bever, wacha."

"Miezi minne ziwa limefungwa," Beverlyne aliendelea, akitazama ukuta wa mwisho. "Inabaki minane. Kila mmoja una siku kumi na nane hivi za giza. Mia moja arobaini na nne. Tukitoa Sabato ishirini, zinabaki siku mia moja ishirini na nne. Thelathini kwa siku, kwa watu milioni tano, ni bilioni kumi na nane na milioni mia sita. Na hiyo elfu tatu nayo, madam, nadhani ni ya siku moja nzuri."

"Pengo linalobaki?"

"Bilioni thelathini na moja na milioni mia nne."

"Mna njia ya kuliziba?"

Beverlyne alimtazama Terry kwenye kompyuta, na Terry akatazama vidole vyake.

"Hapana, madam."

"Asante," jaji alisema, akaandika. Aliongeza kwamba kukiri kosa mbele ya watu ni jambo ambalo angependa kuliona kwa wanaosoma bajeti yenyewe, na ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Lakini fomu ya alama haikuwa na safu ya jambo hilo. Kundi la mashamba yanayolala lilichukua ushindi. La Beverlyne lilikuwa la nne kati ya manne. Walipewa cheti kila mmoja na chupa ya chai, ile inayohifadhi joto, ikiwa ndani ya boksi.

Arasa alikuwa bado ameshika kipaza sauti wakati wa makofi hayo, mpaka msichana mwenye kadi alipokuja kukichukua kutoka kwenye vidole vyake.

Nje, jua lilikuwa limeanza kuinama. Boaz alikuja na boksi lake kwapani. Alikuwa amelia, na hakutaka ionekane.

"Mzee, mimi sina neno na wewe," alisema. "Ni vile tu mamangu alikuwa ameshaambia watu wa kanisa." Alitaka kuongeza kitu, akakiacha, akaenda.

Walikaa kwenye ngazi, baba na binti. Kwa muda walitazama mbuzi aliyekuwa anakula karatasi za programu zilizoangushwa.

"Tata."

"Mm."

"Mbalamwezi ikiwaka huwa unaenda wapi?"

"Osiri."

"Kuchimba?"

"Kuponda mawe. Ndani ya shimo siendi."

"Wanakulipa ngapi kwa siku?"

"Mia nne."

"Kila siku?"

"Siyo kila siku," alisema. "Kuna siku mawe hayapo."

Beverlyne alivua visigino akaviweka kando ya boksi. Nyayo zake zilikuwa na malengelenge.

"Na mimi nilisimama pale nikasema hata hawezi kuisikia hiyo thelathini," alisema.

"Hukujua."

"Ningejua. Risiti ndizo zilinidanganya. Nilikuwa naziweka kwa faili, Tata, zimepangwa kwa tarehe. Mhasibu anaamini karatasi."

Alisema hivyo na kucheka kidogo, na kicheko hakikufika mbali. Arasa alitafuta neno la kumpa. Alitafuta kama mtu anayepapasa mifuko ya suti ambayo anajua ni tupu.

"Ada nitaitafuta," alisema.

"Wapi?"

Halikuwa swali la ubishi. Alitaka kujua. Aliuliza vilevile alivyouliza kuhusu mawe, kama mtu mwenye kalamu, na Arasa akafungua mdomo ajibu. Akaona cherehani, akaona shamba, akaona meza ya tatu kutoka kwenye choo.

"Mpaka Desemba nimelipiwa," Beverlyne alisema baadaye. "Mitihani ya Novemba nitafanya. Januari ndiyo sijui."

"Usiseme hoteli."

"Sijasema."

"Nimesikia unataka kusema."

Hakukana. Alichukua boksi lake, akalifungua, akaitoa ile chupa. Ilikuwa ya bluu, na ubavuni ilikuwa na jina la mashindano na picha ya kikokotoo. Aliifungua kifuniko, akanusa ndani, akakifunga tena kwa nguvu, na kumwekea babake magotini.

"Beba hii. Huko Osiri najua chai inapoa."

"Ni zawadi yako."

"Nitafanyia nini, Tata? Beba."

Aliibeba. Kukataa kungetaka maneno, na hakuwa nayo. Walisimama, akampa mkono, na binti yake akaondoka pekupeku kuelekea hosteli, visigino mkononi, koti la watu likiwa limekunjwa vizuri ili lirudi kwa mwenyewe bila kasoro.

Arasa alishuka kuelekea stendi ya magari. Ilikuwa saa kumi na nusu, jua bado ni kali, na tayari mbalamwezi ilikuwa imetokeza juu ya vilima upande wa mashariki, nyeupe kama konzi ya chumvi, ikikaribia kujaa. Bado siku nyingi kabla ya giza. Kesho ilikuwa Ijumaa, na kesho kutwa Sabato. Akifika Osiri mapema angepata siku moja, kama mawe yapo.